Dawa Iliyobaki Shimoni

Wapo wanaoachiwa na baba zao mashamba na ng'ombe. Bhikaji Tirlotkar mali yake ilikuwa kamba, tena aliisokota mwenyewe. Ilikuwa kamba ya makumbi ya nazi yenye mafundo, kila fundo mkono mmoja kutoka kwa mwenzake, na kwa kamba hiyo alijulikana vijiji saba vya pwani ya Devgad. Mvua zikishakolea na ardhi ikalowa sawasawa, mwezi wa saba kwenda wa nane, wenye miembe walikuwa wanatuma watoto nyumbani kwake asubuhi: "Baba anasema uje upime vivuli." Naye huyo, miguu mitupu, kamba begani, mtaimbo mkononi, na chupa ya dawa imeviringishwa kwenye kitambaa utadhani amebeba kitoto kichanga.

Mwembe wetu una wazimu wake. Mwaka huu unazaa mpaka unafungiwa miti ya kuegemeza matawi, mwakani unalala, unatoa majani tu, majani juu ya majani, na mwenye shamba anakaa barazani anatazama majani. Dawa ya Bhikaji kazi yake ni kuukatiza mti mbio. Haiui. Inauambia tu, basi, umerefuka vya kutosha, sasa geuka uchanue. Unaimwaga udongoni msimu wa mvua, mizizi inainywa, na inapofika Januari mti uliokuwa katika mwaka wake wa kulala umejaa maua mpaka ncha.

Kijana mmoja bwana shamba ndiye aliyemfundisha, zamani, Bhikaji akiwa na ndevu nyeusi bado. Alimwambia pima upana wa matawi kwa mwaka huu, usitumie wa mwaka jana. Mafundo mawili, kifuniko kimoja cha dawa. Mwaka wa pili punguza, wa tatu punguza zaidi, maana dawa hii haiondoki yote, nyingine inabaki udongoni inangoja. Mti uliochoka usiuguse kabisa, uache upumue. Bhikaji hakujua kuandika zaidi ya jina lake, lakini maneno yale aliyashika kuliko watu wanavyoshika sala. Alikuwa anaivuta kamba toka ncha ya tawi hili hadi ncha ya lile kupitia shinani, anahesabu kwa sauti, halafu anatoboa vishimo kuuzunguka mti kwa mtaimbo, nusu ya njia kati ya shina na ncha ya kivuli, na kumimina taratibu. Miti yake haikuumwa. "Mkono wa Bhikaji mwepesi," watu walisema, na yeye alikuwa anainama kama hakusikia, kumbe amesikia vizuri sana.

Tena alikuwa na kazi nyingine, na hiyo kweli aliachiwa na baba yake. Alikuwa mnenaji wa kijiji. Mtu akiwa na shida anakwenda hekaluni na nazi, Bhikaji anasimama mbele ya mungu na kuisema shida hiyo kwa sauti kubwa, na kila akikata neno, waliohudhuria wanaitikia pamoja, "Ndivyo, Maharaja!" Kisha Gopal, mtumishi wa hekalu, anabandika petali mbichi juu ya jiwe la mungu, kulia na kushoto, na watu wanangoja ipi itaanguka. Ya kulia ni ndiyo. Ya kushoto ni hapana. Kwetu watu wameoa kwa petali, wamehama kwa petali, na wamegawana nyumba kwa petali.

Sasa, Vishram Loke alikuwa rafiki yake Bhikaji tangu walipokuwa wanaiba korosho pamoja. Alifanya kazi Mumbai miaka kumi na miwili kwenye kiwanda cha nguo, kiwanda kikafungwa, akarudi na mapafu mabovu na mke wake Draupadi. Ardhi aliyorithi ilikuwa jabali. Nasema jabali, simaanishi udongo wenye mawe; ilikuwa ni mwamba mwekundu mtupu unaounguza nyayo kuanzia Machi. Watu walimcheka. Vishram akatoboa mashimo kwa baruti na sululu, arobaini na mawili, kila shimo kimo cha mtu. Na Draupadi akayajaza. Udongo aliutoa kwenye majaruba ya mpunga kule bondeni, kikapu kwa kikapu, kichwani, misimu miwili mizima. Mpaka leo utosini mwake nywele zimekaa vibaya. Wakapanda miche ya kubebesha, wakaimwagilia kwa mitungi, na walipokuja kupata mvi walikuwa na shamba la maembe ambalo wachuuzi wa Mumbai walikuwa wanaliulizia kwa jina.

Mapafu ya Vishram yalipozidi, wakalikodisha shamba kwa Tajiri Mhapsekar wa mjini, miaka mitano. Miaka miwili ya mwanzo Bhikaji alimwaga dawa kwa kamba yake kama kawaida, na mambo yalikuwa shwari. Mwaka wa pili huo, mwezi wa nne, Vishram akafariki.

Siku ya tano ya matanga, nyumba ikiwa bado na unajisi wa msiba, Draupadi alifanya kosa. Kwetu ni kosa. Aliamka alfajiri akaingia shambani kwa miguu yake, akakaa chini ya mti wa kisimani, ule ambao Vishram aliupanda wa kwanza, akaanza kuokota maembe yaliyodondoka. Marehemu alikuwa hawezi kuvumilia kuona embe limelala chini. Jirani akamwona, na jirani ni jirani, kufika saa tatu kijiji kizima kinajua. Mlinzi wa mahali, ile roho inayokaa na kila shamba, hapendi mguu wenye msiba. Wazee walitikisa vichwa lakini hawakusema kitu, kwa kuwa maembe mwaka ule yalikuwa mengi.

Mvua za mwaka huo zilipokuja, Tajiri Mhapsekar alifika mwenyewe shambani, mwavuli mkononi. Bhikaji alikuwa ameshapima mti wa kisimani.

"Vingapi huo?" tajiri akauliza.

"Ulikuwa wa vifuniko saba, tajiri. Mwaka huu nautilia vinne."

"Tia kumi na vinne."

Bhikaji akacheka, akidhani anataniwa.

"Unacheka nini? Nimekuchekesha?"

"Tajiri, mti huu umekaa kwenye shimo la mwamba. Ni chungu hiki. Ukimimina dawa inakwenda wapi? Haina pa kupita. Ya mwaka jana imo humo humo."

"Bhikaji, mimi nina miaka mitatu tu na miti hii. Wewe unaongea kama maiti yako itachomwa chini yake." Tajiri akafunga mwavuli, akaufungua tena. "Nataka maua Novemba, maembe Februari, wenzangu wakiwa bado wanahesabu majani. Ukiona mkono umekuwa mzito sema, usione haya. Yuko yule kijana wa Tambaldeg, naye ana kamba. Watu wanasema wewe umri umekwenda."

Ingekuwa tajiri amemtishia kunyimwa kazi, labda angekataa. Lakini umri umekwenda! Bhikaji alimwona yule kijana wa Tambaldeg akipita barabarani na kamba mpya, watoto wanatumwa nyumbani kwake asubuhi. Aliinama, akahesabu vifuniko kumi na vinne ndani ya ndoo, akakoroga. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililokuja kumsumbua baadaye. Aliimwagia miti yote arobaini na miwili hivyo hivyo, na mwaka uliofuata, na wa tatu wake.

Maembe yalikuja Februari kama tajiri alivyotaka. Shamba la marehemu Vishram lilitangulia pwani nzima, na sifa zilimwendea Bhikaji. Kisha miti ikaanza kujikunja. Machipukizi ambayo yangerefuka shubiri na zaidi yalitoka marefu ya kidole gumba yakasimama. Majani yakabanana nchani kama ngumi. Maua yalifungana vibonge, hayana nafasi hata ya nyuki kutua. Msimu wa tano magome yakapasuka, funza wakaingia, maembe yakadondoka madogo, na Tajiri Mhapsekar akarudisha ufunguo wa lango, akaaga vizuri kabisa, akaondoka.

Watu wakatafuta sababu, na sababu walikuwa nayo tayari. Si aliingia shambani siku ya tano? Si mlinzi alikuwa kimya tu muda wote akimngojea? Kashibai wa nyumba ya chini hakuficha. "Miti ya mumewe ameiua mwenyewe," alisema kisimani, ndoo kiunoni. "Mimi ningekufa kwanza kuliko kuingia na msiba."

Draupadi akapeleka nazi hekaluni, aulize. Na nani atamnenea? Bhikaji. Alisimama mbele ya mungu, kofia mkononi, akasema kwa sauti ile ya baba yake: "Ee Maharaja, kama ni mlinzi wa mahali aliyekasirikia mguu ulioingia na msiba, utupe ya kulia!" Watu wakaitikia. Petali ya kulia ikaanguka. Lakini swali alilitunga nani? Swali la dawa halikuulizwa, na mungu hakulijibu.

Tangu siku hiyo Draupadi hakukanyaga shamba lake. Miaka minne. Alifunga kila Jumatatu, akawa anakula uji wa mchele mara moja kwa siku, akakonda. Asubuhi alikuwa anatembea hadi kwenye ukuta wa mawe mekundu, anasimama nje, anatazama. Bhikaji akipita anamwita.

"Shemeji, hebu niingilie unitazamie mti wa kisimani. Umechipua?"

Bhikaji anaruka ukuta, anakwenda, anasimama mbele ya mti ule alioutilia vifuniko kumi na vinne mara tatu. Anarudi.

"Kidogo, shemeji. Mwakani utakuwa afadhali."

"Mungu akubariki. Bila wewe ningeuliza nani?"

Mara ngapi? Hakuna aliyehesabu. Nyumbani Bhikaji alikuwa hali chakula vizuri. Mkewe Sunanda ndiye pekee aliyejua, maana alimwambia usiku wa petali ile. Sunanda hakumpigia kelele, alikuwa si mwanamke wa kelele. Ila kila aliporudi kutoka ukutani alimtengea maji ya kunawa na kumuuliza, "Leo umemwambia nini?" Akijibu, "Mwakani utakuwa afadhali," basi anampa taulo na kwenda zake jikoni.

Mwaka wa nne, mwezi wa tano, habari ikaja kwamba Draupadi ameuza miti. Yote. Mkata mbao wa masanduku ya maembe angefika Jumatano na shoka na misumeno. Lakini miti iliyokwisha kuulizwa kwa mungu haikatwi bila ruhusa yake, kwa hiyo Jumatatu asubuhi angekwenda kumwomba mungu, na alikuwa amemtumia Bhikaji salamu ajiandae kumnenea.

"Ukimdanganya mungu, atakusamehe," Sunanda akamwambia huku anamnyooshea kofia yake. "Ndiyo kazi yake. Yule mama je?"

"Nikisema, nitaishi vipi hapa?"

"Kwani sasa unaishi vipi?"

Bhikaji akavaa kofia, akaenda.

Walikuwako watu kama thelathini. Draupadi alisimama mbele na nazi yake, sari nyeupe, mifupa ya mabega inaonekana. Mzee Babaji, kiziwi, alikuwa amekaa mbele kabisa kama ilivyo desturi yake. Gopal alikuwa ameshalowesha petali. Bhikaji akavua kofia, akakohoa, akaanza.

"Ee Maharaja wa mipaka minne!"

"Ndivyo, Maharaja!"

"Mwanao Draupadi Loke amesimama mbele yako na nazi yake!"

"Ndivyo, Maharaja!"

Hapo neno linalofuata ni lile lile tangu enzi za mababu: kama amekosa kwa kujua au kwa kutojua, liweke tumboni mwako umsamehe. Bhikaji alishalisema mara elfu. Akafungua mdomo, akamwona Draupadi ameinamisha kichwa tayari kulipokea kosa, na utosi ule wenye nywele zilizokaa vibaya ukawa unamwelekea yeye.

"Hakukosa!" akasema.

"Ndivyo, Maharaja!" wakaitikia.

"Aliyekosa ni mimi!"

"Ndivyo, Maharaja!" Mazoea yana nguvu. Ila wawili watatu walishaanza kuinua vichwa.

"Nilimwaga vifuniko kumi na vinne penye vinne, miaka mitatu, kwenye shimo la mwamba! Miti niliifunga mimi kwa mkono wangu. Nilijua nikimwaga, nilijua nikiuliza swali hapa hapa mbele yako, na nikanyamaza!"

"Ndivyo, Maharaja!" akaitikia Mzee Babaji peke yake, kwa nguvu zake zote, halafu akageuka kushangaa mbona wenzake kimya.

Gopal alikuwa bado ameshika petali, maji yanamtiririka mkononi. Nje kunguru wakasikika. Draupadi aliiweka nazi chini, polepole, kama kitu cha moto.

"Siku ile ya swali ulijua?"

"Nilijua."

"Na nilipokuwa nakutuma ukanitazamie mti?"

"Nilijua, shemeji."

"Usiniite shemeji." Sauti yake haikupanda. "Nilidhani nimemuua mara ya pili. Unasikia? Miaka minne nalala nikijua kwamba mume wangu alikufa, na mimi nikaenda nikakiua na kile alichokiacha. Sikuweza hata kumlilia. Ningemlilia kwa uso gani?"

Bhikaji akainamisha kichwa. Kashibai wa nyumba ya chini akajifunika uso kwa ukingo wa sari.

Draupadi akatoka. Watu wakamfuata kwa mbali, Bhikaji nyuma yao wote. Akapanda njia ya mwamba, jua la mwezi wa tano limeshaanza kuchoma, akafika kwenye mwanya wa ukuta, akavua ndala. Alisimama kidogo. Kisha akaingia. Alikwenda moja kwa moja hadi mti wa kisimani, akaugusa gome lililopasuka, akapitisha kidole kwenye vumbi la funza, akakaa chini penye udongo wake mwenyewe na kulia kwa sauti, kilio cha matanga, kimechelewa miaka saba. Wanawake waliokuwa nje ya ukuta wakalia naye, hata Kashibai.

Walipopungua watu, Bhikaji akasogea mpaka kwenye mwanya. Akanyanyua mguu.

"Wewe usiingie," Draupadi akasema, bila kugeuka.

Akaushusha mguu.

Jumatano mkata mbao alifika, akamkuta Draupadi langoni na kisu cha kukatia nyasi, akamwambia arudi na misumeno yake alikotoka. Bhikaji alikuwa njiani, upande wa nje. Akasema kwa sauti, kama anayenena na ukuta: "Matawi makavu yakatwe kabla ya mvua. Udongo wa pembeni uchimbwe, ule uliokunywa dawa, utolewe, utupwe mbali. Ukingo wa shimo upande wa bondeni uvunjwe, mvua ipate pa kupitia iisafishe. Kisha udongo mpya na samadi. Maua ya mwaka huu na ujao yapukutishwe, miti isizae." Asubuhi iliyofuata mti wa kisimani ulikuwa umechimbwa nusu.

Basi ikawa hivyo. Kazi ya kamba ilikwisha, nani angemwita? Kazi ya unenaji akapewa binamu yake, mwenye sauti ya mbuzi. Watoto walikuwa wanamwitikia njiani, "Ndivyo, Maharaja!" na kukimbia. Hakuwafukuza. Kila alfajiri alishuka kwenye majaruba, akajaza kikapu udongo, akaupandisha kichwani mpaka ukutani, akaumwaga nje, akarudi. Umri wake ulikuwa sitini na tatu. Sunanda alimshonea kata ya nguo nzito, akamwambia, "Sasa utajua alivyokuwa anabeba." Draupadi naye alikuja upande wa ndani, akazoa udongo ule kwa kikapu chake, akaupeleka mashimoni. Ukuta ulikuwa kati yao. Siku nyingine hawakusemezana kabisa. Siku nyingine Draupadi aliuliza, "Hapa nichimbe mpaka wapi?" na Bhikaji akarusha kamba juu ya ukuta, akamwambia hesabu mafundo matatu toka shinani. Draupadi hakuirudisha kamba, akakaa nayo.

Bwana shamba mpya alipita akasema iko dawa nyingine, ya kuamsha, inanyunyiziwa majani.

"Mwanangu," Draupadi akamjibu, "chukua uji unywe, halafu uende zako."

Miti kumi na mmoja ilikufa. Mingine ilisimama tu mwaka wa kwanza na wa pili, haiji haiendi. Bhikaji alikuwa anaiona kwa mbali, macho yenyewe yana ukungu, hawezi kujua kama kile kilicho nchani ni chipukizi au ni kivuli. Ilimuuma. Mtu ambaye alishika kila mti wa pwani ile kwa mikono yake, sasa ni mtu wa kuulizia habari za miti ng'ambo ya ukuta. Lakini hakuuliza, maana aliona hana haki ya kuuliza.

Mwaka wa tatu, mwezi wa kumi, mvua zimekatika, alipandisha udongo wake kama kawaida akamkuta Draupadi anamngoja. Mkononi alikuwa na kitawi kichanga, majani yake bado laini, ya rangi ya shaba. Akakilaza juu ya mawe ya ukuta.

"Pima," akasema.

Bhikaji akajifuta mikono kwenye shuka. Akaweka kidole gumba mwanzo wa kitawi, akanyoosha shubiri. Ikaisha, na kitawi kikaendelea. Akaongeza vidole vinne. Hakijakunjwa, hakijabanwa, kimekwenda chenyewe mpaka kilipotaka kusimama. Machozi yakamtoka, yakamdondokea mikononi na kwenye mawe.

"Shubiri na vidole vinne," akasema.

"Nimeona. Na mimi nina mkono." Akakichukua kitawi chake, akakitazama. "Mti wa kisimani umepasuka gome tena upande wa nyuma. Mimi macho yangu si ya kuaminika. Uje kesho uutazame."

Bhikaji akatazama mwanya wa ukuta, kisha akamtazama yeye.

"Nikija nisimame wapi?"

Draupadi alikuwa ameshageuka, kikapu kichwani.

"Pale pale uliposimama ukimwaga," akasema.